Kipimo Kiko Wapi? Kidonge cha maisha marefu chafika Ugweno

Mama mkubwa aliniletea ile chupa kabla sijamaliza kikombe cha kwanza cha kahawa. Tulikuwa tumeketi barazani kwake, Ugweno, asubuhi ya Desemba. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya migomba, na Ziwa Jipe kule chini, upande wa mashariki, lilikuwa halijaonekana. Chupa ilikuwa imefungwa kwenye kitambaa, vile wazee wanavyofunga pesa.

"Mwanangu, wewe umesoma," akasema. "Nisomee hii, uniambie kama ni kweli."

Ilikuwa chupa ya plastiki yenye vidonge sitini, picha ya kishada cha zabibu nyekundu na neno moja kubwa: resveratroli. Kijana mmoja alipita siku ya gulio, akawakusanya wazee, akawaeleza kwamba hiyo ni dawa lishe ya kuzuia uzee. Inasafisha damu, alisema, inaamsha chembe za mwili zilizolala na kuongeza miaka. Mama mkubwa ana umri wa miaka 78. Alilipa fedha ambazo zingemnunulia madebe mawili ya maharage.

Sikuwa na jibu la kumpa asubuhi ile. Kumwambia "umeibiwa" ni rahisi, lakini hilo nalo ni neno lisilo na ushahidi. Kumwambia "endelea tu, haidhuru" ni kumnyima heshima, maana aliuliza swali la mtu mzima. Nikamwomba siku chache nisome. Haya ndiyo niliyoyapata, nami nayaandika kwa ajili yake na kwa ajili ya kila mzee ambaye chupa kama hiyo imeshafika kwenye kabati lake.

Weusi wa vidole na ukakasi wa ndizi

Mtu yeyote aliyemenya ndizi mbichi za kupika anazijua polifenoli hata kama hajawahi kulisikia jina hilo. Utomvu hunata vidoleni, kisha hugeuka mweusi, na ndiyo maana mama zetu hupaka mafuta mikononi kabla ya kushika kisu. Weusi ule ni polifenoli za ndizi zilizokutana na hewa. Ukakasi wa ndizi mbichi unaokaza ulimi ni kazi yao. Sehemu ya uchungu wa kahawa inatoka kwao, na wekundu wa maharage unaoingia kwenye mchuzi wa makande ni wao. Hata ukali wa tangawizi ya Mamba Miamba, kule Same, unatoka kwa jamaa zao wa karibu.

Mmea hauna miguu ya kukimbilia. Unaposhambuliwa na ukungu, na wadudu au na jua kali, hutengeneza kemikali za kujikinga, na polifenoli ni ukoo mkubwa wa kemikali hizo, wenye aina maelfu. Resveratroli ni mmoja tu wa ukoo huo. Mtafiti wa Kijapani, Michio Takaoka, aliitenga mwaka 1939 kutoka kwenye mmea mmoja wa nchini mwake. Imo kwenye ganda la zabibu nyekundu, zikiwemo zinazolimwa Dodoma, na imo kwenye utando mwekundu wa karanga.

Imo, lakini kwa kiasi kidogo sana. Kwa wastani, lita moja ya mvinyo mwekundu ina miligramu mbili hivi za resveratroli. Kidonge cha mama mkubwa kimeandikwa miligramu 500. Ili mtu aipate dozi hiyo kutoka kwenye mvinyo, ingembidi anywe karibu lita 250 kwa siku. Tena vidonge vingi vya aina hii havitoki kwenye zabibu kabisa. Malighafi yake ni mizizi ya mmea wa Asia ambao Wajapani huuita itadori. Picha ya zabibu kwenye chupa inamfanya mnunuzi aamini kwamba anameza chakula kilichokolezwa, kumbe anameza dozi ambayo hakuna babu wala bibi popote duniani aliyewahi kuipata kwa kula matunda.

Hamira ilipoishi zaidi

Hadithi ya kidonge hiki haikuanzia kwa tapeli. Ilianzia maabara, kwa watu makini. Mwaka 2003 David Sinclair wa Chuo Kikuu cha Harvard, Konrad Howitz na wenzao walichapisha katika jarida la Nature kwamba resveratroli ilirefusha maisha ya hamira kwa asilimia 70. Walieleza kwamba inaamsha protini zinazoitwa sirtuini, ambazo zinahusishwa na ustahimilivu wa mwili wakati wa njaa. Miaka mitatu baadaye zikaja habari za panya. Panya wa makamo waliolishwa chakula chenye mafuta mengi, wakanenepa, walipopewa resveratroli hatari yao ya kufa ilishuka kwa asilimia 31 wakilinganishwa na wenzao wanene ambao hawakupewa.

Dunia ilisikia nusu ya habari hiyo, na nusu yenyewe ilikuwa tamu. Mwaka 2008 kampuni kubwa ya dawa ya Uingereza, GlaxoSmithKline, ilinunua kampuni changa ya Sirtris, ambayo Sinclair alikuwa mmoja wa waanzilishi wake, kwa dola za Marekani milioni 720. Wafanyabiashara wa vidonge hawakuwa na sababu ya kusubiri. Sheria ya Marekani ya mwaka 1994 kuhusu virutubisho inaruhusu kuuza bidhaa ya namna hii bila kuthibitisha kwanza kwamba inafanya kazi. Kutoka huko, chupa zikaanza safari.

Nusu ya pili ya habari haikusafiri kwa kasi hiyo. Mwaka huohuo wa 2008, watafiti walewale na wenzao walionyesha kwamba panya waliokula chakula cha kawaida hawakuishi zaidi kwa kupewa resveratroli, ingawa baadhi ya viungo vyao vilionekana kuwa na afya bora. Kilichosaidia panya mnene aliyelishwa vibaya hakikumwongezea siku panya aliyekula vizuri.

Kisha likaja jaribio lililo gumu kuliko yote. Serikali ya Marekani, kupitia taasisi yake ya utafiti wa uzee, inaendesha mpango ambamo dawa moja hupimwa kwa wakati mmoja katika maabara tatu zilizo mbalimbali: Maine, Michigan na Texas. Panya wanaotumika wamechanganywa nasaba, ili matokeo yasiwe ya ukoo mmoja pekee. Dawa ikifaulu sehemu moja na kufeli sehemu nyingine, inajulikana. Resveratroli ilipimwa huko, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 na 2013 hayakuonyesha siku za ziada. Bizari ya manjano, kwa jina la kurkumini, ilipimwa, nayo haikufaulu. Dondoo la chai ya kijani halikufaulu pia.

Msomaji asidhani kwamba maabara hizo hukataa kila kitu. Mwaka 2009 zilitangaza kwamba dawa iitwayo rapamaisini, iliyotokana na bakteria wa udongo wa kisiwa cha Rapa Nui katika Bahari ya Pasifiki, iliongeza umri wa panya jike kwa asilimia 14 na wa panya dume kwa asilimia 9. Hiyo si dawa ya kumeza ovyo, kwa sababu inapunguza kinga ya mwili, na kwa binadamu bado haijathibitishwa kwamba inaongeza umri. Ninaitaja kwa sababu inaonyesha kwamba kipimo kilekile kilichosema "hapana" kwa kidonge cha mama mkubwa kinaweza kusema "ndiyo" pale kinapoona kitu.

Kipimo nacho hupimwa

Kuna jambo jingine lililonigusa katika kusoma kwangu. Katika majaribio ya mwanzo, ili waone kama sirtuini imeamka, watafiti walitumia kipande cha protini kilichofungwa rangi inayong'aa. Kuanzia mwaka 2005 maabara nyingine zikaonyesha kwamba bila ile rangi, resveratroli haikuiamsha sirtuini. Kipimo chenyewe kilikuwa kimechangia kutengeneza jibu. Mwaka 2013 Sinclair na wenzake walileta ushahidi mpya wa kutetea hoja yao, kwa hiyo mjadala wa namna kemikali hii inavyofanya kazi haujafungwa. Lakini kidonge kilikuwa kimeshauzwa kwa miaka kadhaa kana kwamba ulifungwa zamani.

Palikuwa pia na udanganyifu wa dhahiri. Januari 2012 Chuo Kikuu cha Connecticut kilitangaza kwamba mtafiti wake Dipak Das, aliyeandika sana kuhusu resveratroli na moyo, alikuwa ameghushi au kupotosha data mara 145. GlaxoSmithKline nayo ilikuwa imeshasimamisha mwaka 2010 kazi ya dawa yake iliyotokana na resveratroli, baada ya baadhi ya wagonjwa wa saratani waliokuwa kwenye jaribio kupata matatizo ya figo. Mwaka 2013 ikafunga ofisi za Sirtris. Dola milioni 720 hazikuzaa kidonge cha maisha marefu.

Wazee wa Chianti

Panya ni panya. Kwa binadamu je?

Tatizo la kwanza ni kwamba kidonge kinamezwa lakini kinachofika kwenye damu ni kidogo mno. Utumbo huinyonya resveratroli vizuri, ila utumbo huohuo na ini huibadilisha mara moja, hata ikabaki chembe ndogo sana ya kemikali ya asili. Kilichofanya kazi juu ya chembe hai katika bakuli la maabara hakifiki kwenye misuli ya mzee kwa kiasi kile.

Tatizo la pili ni kwamba wale ambao miili yao ina resveratroli zaidi hawaonekani kuishi zaidi. Mwaka 2014 Richard Semba wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na wenzake walichapisha utafiti wa wazee 783 wa eneo la Chianti nchini Italia, nchi ya zabibu na mvinyo, wote wakiwa na miaka 65 na zaidi. Hawakuwauliza tu wanakula nini, kwa sababu watu husahau. Walipima mabaki ya resveratroli kwenye mkojo wao, kisha wakawafuatilia kwa miaka tisa. Katika muda huo wazee 268 walifariki. Waliokuwa na resveratroli nyingi hawakufa kwa uchache kuliko waliokuwa nayo kidogo, wala hawakuwa na nafuu ya moyo au ya saratani.

Tatizo la tatu ni hili, na kwa mtu wa milimani ndilo la kuangaliwa zaidi. Mwaka 2013 watafiti wa Copenhagen waliwachukua wanaume 27 wa umri wa miaka 65 hivi, wakawafanyisha mazoezi kwa wiki nane. Nusu walimeza miligramu 250 za resveratroli kila siku, na nusu walimeza kidonge kitupu cha kulinganishia. Wote walinufaika na mazoezi, lakini waliomeza resveratroli walinufaika kidogo kuliko wenzao. Ni utafiti mdogo na si wa kuapia. Hata hivyo mama mkubwa hupanda mlima kutoka shambani kila siku akiwa na mzigo wa majani ya ng'ombe, na mlima huo ni mazoezi ambayo watu wa mijini huyalipia. Itakuwa hasara kubwa akinunua kitu kinachopunguza faida ambayo mlima unampa bure.

"Ni mmea, hauwezi kudhuru"

Neno hili nililisikia mara nyingi siku zile, hata kutoka kwa watu waliosoma. Jibu lake lina umri wa miaka zaidi ya 30. Nchini Finland wanaume 29,133 waliokuwa wakivuta sigara waligawanywa kwa bahati nasibu, baadhi wakapewa betakarotini, ile rangi ya karoti. Kila dalili ilikuwa njema: watu wanaokula karoti na mboga nyingi walikuwa wanapata saratani ya mapafu kwa uchache. Matokeo yalitoka mwaka 1994. Waliopewa kidonge walipata saratani ya mapafu zaidi kwa asilimia 18, na vifo vyao vilizidi kwa asilimia 8. Betakarotini si polifenoli, lakini ilibeba ahadi ileile ya kuikinga miili yetu na kutu. Karoti haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kung'oa kitu kimoja kutoka ndani yake, kukizidisha, na kudhani kwamba kitafanya kazi ya karoti nzima.

Polifenoli zenyewe zina onyo lao. Dondoo la chai ya kijani lililokolezwa limehusishwa na madhara ya ini, na mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilitahadharisha kuhusu dozi za kuanzia miligramu 800 kwa siku za EGCG, mojawapo ya katekini, polifenoli za chai hiyo. Vidonge vya bizari ya manjano navyo vimehusishwa na ini kuumia. Kikombe cha chai na kijiko cha bizari kwenye mchuzi ni vitu vingine kabisa. Na mzee anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asimeze kidonge chochote cha namna hii bila kumwambia daktari wake.

Ushahidi wenye nguvu zaidi upande wa polifenoli umetoka kwenye kakao, zao tunalolijua kutoka Kyela. Jaribio liitwalo COSMOS, lililochapishwa mwaka 2022, liliwafuatilia Wamarekani wazee 21,442 kwa miaka mitatu na nusu hivi. Wengine walipewa dondoo la kakao, wengine kidonge kitupu. Swali kuu lilikuwa: je, jumla ya magonjwa ya moyo na mishipa itapungua? Haikupungua kwa kiasi cha kutosha kuondoa shaka. Vifo vya moyo na mishipa pekee vilipungua kwa asilimia 27, habari njema inayostahili kurudiwa na wengine kabla ya kuaminiwa. Vifo vya kila aina kwa jumla havikupungua kwa kiasi cha kuthibitisha lolote. Na ni haki msomaji ajue kwamba kampuni ya chokoleti ya Mars ilichangia gharama za utafiti huo.

Kilimanjaro ilipopimwa yenyewe

Nilipokuwa nikisoma nilikutana na jambo lililonifurahisha, kwa sababu lilifanyika katika mkoa wetu. Watafiti wa Hospitali ya KCMC ya Moshi, akiwemo Godfrey Temba, wakishirikiana na Quirijn de Mast na wenzake wa Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi, waliwapima Watanzania 323 wenye afya, wa mjini na wa vijijini. Matokeo yalitoka mwaka 2021. Damu za watu wa mjini zilionyesha kinga iliyo tayari kuwaka, ule uvimbe wa ndani kwa ndani unaohusishwa na kisukari na maradhi ya moyo. Damu za watu wa vijijini zilikuwa na kemikali zaidi zitokanazo na mimea, ikiwemo apijenini, ambayo ni polifenoli, na hizo zilihusishwa na utulivu wa kinga.

Hawakuishia kuchungulia. Walifanya jaribio. Wanaume 77 wa mkoani Kilimanjaro walishiriki. Wa kijijini 23 walihamishiwa kwenye vyakula vya kizungu kwa wiki mbili. Wa mjini 22 walirudishwa kwenye vyakula vya asili: mboga za majani, kunde, ndizi, nafaka. Wengine 22 walikunywa mbege, kinywaji cha ndizi na ulezi, kwa wiki moja, na 10 walibaki na chakula chao kwa kulinganisha. Matokeo yalichapishwa mwaka 2025 katika jarida la Nature Medicine. Waliohamia vyakula vya kizungu, dalili za uvimbe kwenye damu zilipanda na kinga ikapungua makali dhidi ya vimelea. Waliorudi kwenye chakula cha asili na waliokunywa mbege, dalili hizo zilishuka. Baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yapo wiki nne baadaye.

Ningependa sana kumwambia mama mkubwa kwamba makande yake yamethibitishwa kurefusha maisha. Siwezi. Wanaume wale walikuwa vijana, muda haukuzidi wiki mbili, na kilichopimwa ni damu, si umri. Kipimo nilichokitumia kukikataa kidonge cha mgeni lazima nikitumie pia kwa chungu cha nyumbani, la sivyo sipimi, ninashabikia. Ninachoweza kumwambia ni hiki: dalili zinaelekea upande wa chungu, na chungu hakimgharimu madebe mawili ya maharage. Maharage yenyewe ndiyo yaliyomo.

Kahawa ni vivyo hivyo. Mwaka 2012 utafiti wa Wamarekani 402,260 ulionyesha kwamba wanaume waliokunywa vikombe sita au zaidi kwa siku walikuwa na hatari ya kufa iliyo chini kwa asilimia 10, na wanawake asilimia 15, kuliko wasiokunywa, baada ya kuondoa athari ya sigara na mengineyo. Hakuna aliyegawiwa kahawa kwa bahati nasibu hapo. Huenda mtu mwenye afya ndiye anayeweza kunywa kahawa nyingi. Mkulima wa Ugweno anaweza kukinywa kikombe chake kwa amani, ila asikiite dawa.

Foleni ya Samunge

Hatuhitaji kwenda mbali kukumbuka ahadi isiyopimwa inavyoweza kubeba nchi nzima. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu, wengi wakipitia Moshi na Arusha, walikwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kwa Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile. Kikombe kilikuwa shilingi 500, dawa ikitokana na mti wa mugariga, na iliaminiwa kuponya kisukari, saratani, presha hadi virusi vya ukimwi. Foleni za magari zilinyoosha kilomita kwa kilomita. Wapo waliofia foleni, na wapo walioacha dawa zao za hospitali wakiamini wamepona. Mchungaji Mwasapile alifariki Julai 2021.

Simlaumu aliyekwenda. Mtu mwenye maumivu na asiye na daktari karibu atakwenda anakoitwa, na shilingi 500 ilikuwa bei ya huruma. Ninachojifunza ni kwamba foleni haikuwa ushahidi. Wingi wa watu waliokunywa ulihesabiwa kila siku, lakini wangapi walipona hakuna aliyejua wakati ule, kwa kuwa wengi wao hawakuandikwa majina, hawakupimwa damu kabla, wala hawakufuatwa majumbani baada ya mwaka. Kijana wa gulio naye alijivunia idadi ya wanunuzi. Ni hesabu ileile.

Kidonge kilichofaulu

Je, kuna kidonge chochote kilichothibitishwa kumwongezea miaka mtu wa umri wa mama mkubwa? Kipo, wala hakina picha ya matunda.

Mwaka 2008 yalitoka matokeo ya jaribio liitwalo HYVET. Watu 3,845 wenye umri wa miaka 80 na zaidi, kutoka Ulaya, China na kwingineko ikiwemo Tunisia ya Afrika yetu, wote wakiwa na shinikizo la juu la damu, waligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu walipewa indapamaidi, kidonge cha presha, wakiongezewa kingine kilipohitajika. Nusu walipewa kidonge kitupu. Vifo vya sababu yoyote vilipungua kwa asilimia 21 kwa waliopata dawa. Jaribio lilisimamishwa mapema, kwa kuwa haikuwa haki kuendelea kuwanyima wengine. Na mwaka 2021 majaribio 48 yenye watu 344,716 yalipojumlishwa, ilionekana kwamba kila namba ya juu ya presha ikishuka kwa pointi tano tu, matukio makubwa ya moyo na kiharusi hupungua kwa asilimia 10 hivi.

Sasa tulete habari hizo nyumbani. Wilayani Hai, umbali wa saa chache kutoka Ugweno, watafiti waliwapima wazee 2,223 wenye miaka 70 na zaidi. Takribani saba katika kila kumi walikuwa na shinikizo la juu la damu. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa. Waliojua, wakatibiwa, presha ikatulia, walikuwa wachache mno.

Hapo ndipo nilipoona uchungu wa jambo zima. Wazee wa milima hii wana kiu ya kuishi na kuwaona wajukuu wakikua, kiu halali kabisa, na wako tayari kuilipia. Wanachouziwa ni kidonge kilichofeli kwa panya wa maabara tatu, na kilichofaulu kwa watu 3,845 kinawasubiri mahali ambapo hakuna aliyewakumbusha kwenda.

Swali la Wapare

Katikati ya miaka ya 1940, wakoloni walipowaletea Wapare kodi ya mbiru, iliyotozwa kwa kukadiria mali ya kila mtu, watu wa Upare waliikataa. Mapema mwaka 1945 maelfu waliteremka kutoka milimani wakakaa Same kwenye makao ya wilaya, na wanawake nao waliingia katika mapambano hayo. Mwanahistoria Isaria Kimambo, mwenyewe mtoto wa Upare, aliiandika habari hiyo. Kodi walikuwa wakiilipa siku zote. Walichokataa ni kukadiriwa na mtu ambaye kipimo chake hawakionyeshwi. Mwishowe mbiru iliondolewa.

Naamini swali lilelile linafaa kuulizwa kwenye gulio. Kipimo kiko wapi? Walipimwa watu, au hamira na panya? Palikuwa na kundi la kulinganisha lililomeza kidonge kitupu? Kilichohesabiwa ni vifo na maradhi, au rangi iliyong'aa kwenye kichupa cha maabara? Nani aliyelipia? Na neno "kimesajiliwa" lisifunge mjadala, maana kusajiliwa hakumaanishi kurefusha umri. Muuzaji mkweli hatachukia kuulizwa.

Nilipomaliza kusoma nilimweleza mama mkubwa yote, kwa utaratibu, siku mbili mfululizo. Hakukasirika. Aliirudisha chupa kwenye kitambaa, akasema tu kwamba maharage yangemfaa zaidi. Kisha tukateremka pamoja hadi zahanati. Muuguzi akamfunga kitambaa cha kupimia presha mkononi, akapuliza, akasikiliza: 172 kwa 94. Akamtaka arudi, kwa kuwa kipimo cha siku moja hakitoshi. Alirudi mara mbili zaidi na namba hazikushuka. Akaandikiwa vidonge na kuambiwa apunguze chumvi.

Jioni ile alikishika kidonge kidogo cheupe kiganjani, akakiangalia kwa muda mrefu.

"Na hiki," akauliza, "walipimwa watu wangapi?"

Nikamwambia. Akairudia ile namba polepole, elfu tatu mia nane arobaini na tano. Akaniuliza kama palikuwa na wazee kama yeye. Nikamjibu kwamba wote walikuwa wamemzidi umri. Ndipo akaomba maji.